Maisha ya Dakta Wilbert Chagula na Suala la Ukuu wa Chuo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza maisha ya Dakta Wilbert Kumalija Chagula, mzaliwa wa Shinyanga, ambaye kuanzia mwaka 1965 hadi 1970 alikiongoza Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, akiwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Siku hizi jina lake halitajwi mara kwa mara. Wanaomkumbuka Waziri Chagula wa miaka ya 1970 si lazima wamkumbuke mwanaanatomia wa jina hilo. Na wanaozisoma makala zake za anatomia huenda wasijue kwamba mwandishi wake aliwahi kuwa na dhamana ya maji na umeme wa nchi nzima.

Tumeyachagua maisha haya kwa sababu mbili. Kwanza, Chagula alipita katika takriban kila aina ya chuo iliyokuwapo katika zama zake: shule ya serikali ya kikoloni, chuo kilichotoa stashahada isiyotambuliwa ng’ambo, chuo kikuu kikongwe cha Uingereza, chuo kishiriki, na hatimaye chuo kilichokuwa mbioni kuwa chuo kikuu kamili. Pili, maisha yake yanaibua suala ambalo bado lina uzito: je, mkuu wa chuo ni mwanazuoni aliyepanda ngazi za taaluma yake, au ni mjumbe wa dola aliyetumwa kwa wanazuoni? Katika makala haya tutaona kwamba suala hilo limeacha alama yake hata katika istilahi za Kiswahili tunazozitumia tunapovitaja vyeo vya chuoni.

2.0 Usukuma na Maana ya Chuo

Chagula alizaliwa mwaka 1926. Wakati huo hapakuwa na mkoa ulioitwa Simiyu. Katika enzi ya Waingereza sehemu kubwa ya Usukuma ilihesabiwa katika Jimbo la Ziwa, na baada ya uhuru Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa rasmi mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, kutokana na wilaya hizo za Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Kwa hiyo, tunapomzungumzia Chagula tunamzungumzia mtu wa nchi ile ile ya pamba na ng’ombe ambayo Bariadi ni kitovu chake kimojawapo hivi leo, ingawa mipaka ya utawala imebadilika.

Haifai kudhani kwamba nchi hiyo haikuwa na utaratibu wa elimu ya juu kabla ya kuja kwa shule. Usukuma ulikuwa na vyama vya waganga, vya wacheza nyoka na vya wachezaji ngoma, na katika vyama hivyo mwanafunzi aliingia kwa masharti, akafundishwa na waliomtangulia, akapanda daraja kadiri alivyothibitisha ujuzi wake. Ushindani wa Bagika na Bagalu, unaoonekana hadi leo katika ngoma za msimu wa mavuno, ulitokana na urithi wa mafundi wa dawa waliokuwa na wafuasi wao. Kwa maana hiyo, wazo la mtu kupanda ngazi ya ujuzi chini ya wakubwa wa fani halikuwa geni kwa Msukuma. Lililokuwa geni ni kwamba ngazi hiyo sasa ilisimikwa mbali na nyumbani, na cheti chake kilipimwa na watu wa nchi nyingine.

Neno chuo nalo lina historia yake. Katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu, na vilevile palikuwa mahali ambapo watoto walisomeshwa Kurani. Katika karne ya 20 neno hilo lilipanuliwa maana likabeba taasisi za namna nyingi: chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, chuo cha kilimo, chuo kikuu kishiriki na chuo kikuu. Msikilizaji asiyezoea anaweza kudhani kwamba tofauti kati ya hivi vyote ni ya ukubwa wa majengo. Sivyo. Tofauti ya msingi ni mamlaka ya kutunga mitaala na kutoa shahada. Chuo kikuu hutoa shahada kwa jina lake chenyewe. Chuo kishiriki hufundisha, lakini shahada hutolewa kwa jina la mlezi wake. Chuo cha kati hutoa cheti au stashahada. Maisha ya Chagula yanaonyesha jinsi tofauti hiyo, ambayo huonekana kuwa ya makaratasi, ilivyoweza kuamua cheo na mshahara wa mtu.

3.0 Tabora na Makerere: Elimu Yenye Kikomo

Chagula alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora. Shule hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1920, na mwanzoni lengo lake kuu lilikuwa kuwaandaa watoto wa watemi kuwa watumishi wa utawala usio wa moja kwa moja. Baadaye iligeuka kuwa mlango mkuu wa kuingilia elimu ya juu kwa vijana wa Tanganyika. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, kisha akaenda Makerere. Chagula, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka minne, alifuata njia iyo hiyo.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mafunzo ya utabibu yaliongezwa mapema, yakiendeshwa kwa ushirikiano na Hospitali ya Mulago. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza kiinuliwe hadhi, na mwaka 1949 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Kwa masomo ya sanaa na sayansi, uhusiano huo ulimaanisha kwamba mwanafunzi wa Kampala alitunukiwa shahada ya London. Kwa utabibu mambo yalikuwa tofauti. Waliohitimu utabibu Makerere walipewa stashahada ya Afrika Mashariki, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 stashahada hiyo haikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza.

Matokeo ya jambo hilo yaliwagusa wahitimu moja kwa moja. Chagula alipomaliza na kurudi Tanganyika aliajiriwa kuwa Daktari Msaidizi. Neno msaidizi halikuwa na maana ya mtu anayejifunza kazi. Lilikuwa jina la daraja ambalo Mwafrika aliyesomea Makerere aliwekwa ndani yake, chini ya daktari Mzungu, hata kama wote wawili walitibu malaria ile ile na kushona majeraha yale yale. Mtu aliyesoma kwa miaka mingi kuliko karibu kila Mwafrika wa jimbo lake alikuta kwamba elimu yake imewekewa paa. Njia ya kulivuka paa hilo ilikuwa moja tu: kwenda kusoma katika chuo cha aina nyingine.

4.0 Cambridge na Utafiti wa Magego

Chagula aliivuka Bahari akaingia King’s College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapa msomaji anapaswa kuelewa kwamba Cambridge si chuo kimoja kwa maana tuliyoizoea. Ni chuo kikuu chenye ndaki nyingi zinazojitegemea. Ndaki humpokea mwanafunzi, humlaza, humlisha na kumpa mlezi wa masomo, ilhali chuo kikuu humtahini na kumtunuku shahada. Kwa nyakati nyingine Chagula alijiongezea elimu katika Chuo Kikuu cha West Indies, ambacho kilianzishwa mwaka 1948 kama chuo kishiriki cha London kwa mfano ule ule wa Makerere, na pia katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Ni Waafrika wachache wa kizazi chake walioweza kuzilinganisha kwa macho yao aina nyingi kiasi hicho za vyuo.

Alirudi Makerere, safari hii akiwa mhadhiri wa anatomia. Huku ndiko kupanda ngazi ya taaluma kwa maana halisi: kufundisha, kutafiti na kuchapisha. Mwaka 1960 jarida la Marekani la anthropolojia ya maumbile lilichapisha tafiti zake kuhusu meno ya watu wa Afrika Mashariki. Mmojawapo ulihusu umri ambao magego ya tatu, yaani magego ya mwisho, huota kwa wanaume wa Afrika Mashariki. Utafiti huo ulionyesha kwamba magego hayo huota mapema zaidi kwao kuliko ilivyoandikwa kuhusu Wazungu.

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani kujua siku ya kuota gego? Faida ipo, na ni kubwa kwa nchi ambayo watu wake wengi walizaliwa bila cheti. Katika vijiji vya Bariadi na Maswa mtu alijua kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani au mwaka wa nzige, lakini hakuwa na tarehe ya kumwonyesha ofisa. Pale umri ulipobishaniwa, mahakamani au penginepo, tabibu aliweza kuombwa auangalie mdomo. Endapo tabibu huyo alitumia jedwali lililotungwa kutokana na vinywa vya Wazungu, kijana mdogo mwenye magego kamili angeweza kuhesabiwa kuwa mtu mzima, na akabeba adhabu au kodi ya mtu mzima. Kwa hiyo utafiti wa Chagula, ijapokuwa uliandikwa kwa lugha kavu ya vipimo, uligusa swali zito: ni mwili wa nani unaofanywa kuwa kipimo cha miili ya wengine? Swali la namna hiyo lingeweza kulea idara nzima ya utafiti. Lakini mtafiti mwenyewe hakuachwa akae nalo.

5.0 Ukuu wa Chuo, 1965 hadi 1970

Tanganyika ilipokaribia uhuru ilihitaji chuo chake. Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, raia wa Kanada. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Nyerere akawa mkuu wa heshima wa chuo hicho. Mwaka 1964 chuo cha Dar es Salaam kilihamia mlimani. Chagula aliletwa Dar es Salaam mwaka 1963 akashika kazi ya usajili na unaibu wa mkuu. Pratt alipoondoka mwaka 1965, Chagula akawa Mkuu wa Chuo.

Alikuwa na umri wa miaka 39. Mwanachuo aliyekuwa Daktari Msaidizi kwa sababu ya rangi na aina ya cheti chake sasa aliwaongoza wahadhiri waliotoka katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Hata hivyo kiti chenyewe kilikuwa cha moto. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga mpango wa kuwalazimu wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao katika kipindi hicho. Rais Nyerere alikutana nao Ikulu, akakasirishwa na madai yao, na siku ile ile zaidi ya wanafunzi 300 waliamriwa kurudi makwao. Alitangaza pia kuupunguza mshahara wake na mishahara ya viongozi wakuu wa serikali. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Tukio hilo lilimweka Mkuu wa Chuo mahali pagumu. Wanafunzi walikuwa wake kwa mujibu wa kanuni za taaluma, lakini uamuzi wa kuwafukuza ulitoka Ikulu, nao ulitekelezwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka huo huo wa 1966 Chagula alitoa mhadhara mbele ya Akademia ya Afrika Mashariki, ambayo aliiongoza, kuhusu wajibu wa wasomi katika kujenga uhuru na ujamaa. Hakuwa mtu aliyedhani kwamba msomi anaweza kuishi nje ya jamii inayomlipia karo. Suala lililobaki ni nani atakayeamua jinsi msomi atakavyolipa deni hilo: ni yeye na wenzake wa taaluma, au ni serikali?

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliongeza uzito wa suala hilo. Mwezi Machi mwaka huo chuo kiliitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika Tanzania ya ujamaa, na mitaala ikaanza kupitiwa upya. Katika miaka hiyo chuo kilipanuka kwa kasi. Mwaka 1968 shule ya utabibu ya Muhimbili ilifanywa kitivo cha chuo, na mwaka 1969 kitivo cha kilimo kilianzishwa Morogoro. Kwa mwanaanatomia aliyewahi kuitwa msaidizi, kuona madaktari wakifundishwa Dar es Salaam chini ya chuo alichokiongoza hakukuwa jambo dogo. Hali kadhalika, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo chimbuko lake ni Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ilikuwa imekwisha kuingizwa chuoni tangu mwaka 1964, na mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaundwa. Sisi tunaoandika katika jarida la idara ya namna hii tu warithi wa miaka hiyo.

6.0 Mwaka 1970: Cheo Kilichobadilika Mikononi

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na vyuo vyake vitatu vikawa vyuo vikuu kamili. Mtu angetarajia kwamba mwanazuoni aliyekilea chuo kwa miaka mitano ndiye angekivusha katika hadhi mpya. Haikuwa hivyo. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji mkuu wa TANU. Mkuu wa Chuo alikuwa Rais mwenyewe. Chagula aliingizwa katika Baraza la Mawaziri.

Istilahi zinasimulia jambo hili kwa ufupi kuliko maelezo marefu. Kabla ya mwaka 1970 anayeitwa Mkuu wa Chuo alikuwa ndiye mtendaji, mtu aliyekaa mlimani na kutia saini barua za kila siku. Baada ya hapo jina Mkuu wa Chuo lilipanda likawa la kiongozi wa nchi, na mtendaji akawa makamu wake. Kazi ilibaki pale pale, lakini ukuu ulihama. Miaka mingi baadaye, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipogawa shughuli zake katika ndaki, ilibidi kutafuta neno jingine kwa wakuu wa ndaki hizo, nalo ni rasi. Ndivyo tulivyofika kwenye utaratibu wa leo: amidi juu ya shule kuu, rasi juu ya ndaki, makamu mkuu juu ya wote, na kwa upande wa taaluma ngazi ya mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Ngazi ya kwanza hupandwa kwa uteuzi. Ya pili hupandwa kwa maandishi. Chagula alianza na ya pili akahamishiwa ya kwanza, na hakurudi.

Si haki kusema kwamba alipoteza muda wake serikalini. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1972 alikuwa Waziri wa Maji na Nguvu za Umeme, kisha Waziri wa Uchumi na Mipango ya Maendeleo hadi 1975, kisha akarudi kwenye maji. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea lengo la kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji safi katika muda wa miaka 20. Kwa mtoto wa Usukuma lengo hilo halikuwa takwimu. Mto Simiyu hukauka sehemu kubwa kiangazi, na wanawake hufukua mchanga wake kutafuta maji. Miaka 20 ilipita bila lengo kufikiwa, kwa sababu za fedha, mafuta na matengenezo ambazo zilimzidi waziri yeyote mmoja. Baada ya uwaziri Chagula aliiwakilisha Tanzania katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Geneva, ambako ujuzi wake wa sayansi ulitumika katika mijadala ya maendeleo ya nchi changa.

7.0 Hitimisho

Wahenga husema mshika mbili moja humponyoka. Kilichomponyoka Chagula ni utafiti. Taifa lilikuwa na wasomi wachache mno, hivyo kila aliyeonekana kuweza alichukuliwa: leo mhadhiri, kesho msajili, keshokutwa waziri. Lilipata msimamizi hodari, lakini lilimpoteza mwanaanatomia ambaye alikuwa ameanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza kuhusu miili ya watu wake. Hasara ya namna hii haionekani katika hesabu za serikali, kwa kuwa makala ambazo hazikuandikwa haziwezi kuhesabiwa.

Hali ya leo ni tofauti. Kijana wa Bariadi anayemaliza kidato cha sita halazimiki kupita Tabora na Kampala. Mwanza ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, pamoja na chuo kikuu cha afya cha Bugando. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, kina tawi katika Mkoa wa Simiyu wenyewe. Mkoa ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni mbili una vijana wengi wa kuvijaza vyuo hivyo. Lakini wingi wa vyuo haujibu suala tuliloanza nalo. Kijana huyo bado anahitaji kuuliza, kabla ya kujaza fomu, ni nani anayetoa cheti cha chuo anachokitaka na kinatambulika wapi, kwa kuwa Chagula aliitwa msaidizi kwa sababu ya jibu la swali hilo. Na wale watakaobaki vyuoni kufundisha watahitaji kuuliza jingine: je, watakapoandika makala zao za kwanza nzuri, wataachwa waandike za pili? Taifa changa la miaka ya 1960 lilikuwa na udhuru wa uchache wa watu. Udhuru huo sisi hatunao tena.